Mbwa mkubwa, mbio nyingi: dagaa, mapanki, nyama mbichi au chakula cha mfuko?

Ukifuga Boerboel, Rottweiler, German Shepherd au chotara wao hapa Mwanza, chakula kimekuzunguka pande zote. Mwaloni Kirumba kuna dagaa, viwanda vya minofu vinatoa mapanki, machinjioni kuna mapafu na bandama, na madukani kuna mifuko ya punje iliyotoka nje ya nchi. Shida inaanza ukiomba ushauri. Mmoja atakuapia kwamba mbwa ni mnyama wa kula nyama, mpe mbichi yaishe. Wa pili atasema punje tu, vingine vyote ni uchafu. Na mlinzi wako atamtazama mbwa, akutazame na wewe, aseme: "Bosi, huyu si apewe ugali tu? Mbona wa kijijini wanaishi?"

Wanaishi, ndiyo. Lakini mbwa wa kijijini ana kilo kumi na kitu na anazurura kutwa nzima akijitafutia panya, vichwa vya samaki na mengine tusiyotaka kuyataja. Wako ana kilo 35 au 40, amefungiwa ndani ya ukuta, na hali kitu zaidi ya ulichomwekea. Ukikosea sahani, hana pa kujazia pengo.

Nitaje msimamo wangu mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kwa mbwa mzima mwenye afya anayekimbia kila siku, chungu cha dagaa, nafaka na nyama ya ndani iliyopikwa ndicho kinachonishawishi zaidi kwa mazingira yetu. Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa jibu ni jingine kabisa, na huko ndiko watu wengi wanakoharibu.

Anahitaji kiasi gani

Chukua kikokotoo cha simu. Zidisha uzito wa mbwa kwa wenyewe mara tatu (kwa kilo 35: 35 × 35 × 35), kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Utapata kama 14.4. Zidisha kwa 70: karibu kalori 1,000. Hizo ni za kulala na kupumua tu. Mbwa wa matembezi ya kawaida zidisha kwa 1.6, anayepanda vilima vya Bwiru na mwenye nyumba alfajiri, au anayekimbia sana kila siku, fika 2. Kwa hiyo huyu wa kilo 35 yuko kati ya kalori 1,600 na 2,000 kwa siku.

Hesabu ni ya kuanzia. Baada ya hapo mkono ndio mizani: pitisha vidole ubavuni. Mbavu zihesabike kwa kugusa bila kukandamiza, ila zisijichore zote ukiwa umesimama mbali. Ukimtazama kwa juu, kiuno kionekane. Mbwa wengi wa mageti ya mjini hawana kiuno, na wenyewe wanasifia kwamba "ameshiba".

Dagaa na nafaka

Dagaa mkavu wa ziwani ni chakula kilichokamilika kuliko anavyoheshimiwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, ana mafuta ya samaki yanayong'arisha manyoya, na kwa kuwa analiwa mzima, anakuja na mifupa yake, yaani kalsiamu yake. Hilo la mwisho ndilo linalomtofautisha na nyama, kama utakavyoona chini.

Kasoro yake kubwa ni mchanga. Nenda sokoni uulize:

"Mama, hawa wa kichanja au wa mchanga?"

"Wa mchanga, mwanangu. Wa kichanja bei yake utaiweza?"

"Ni wa mbwa."

"Wa mbwa?" Atacheka. "Basi si nikupe wa kuku!"

Usikubali wa kuku kwa haraka. Fungu hilo mara nyingi ndilo lililonyeshewa likiwa bado linaanikwa, likavunda kidogo, likakaushwa upya, likashushwa daraja. Mwombe akupe konzi moja, iweke kwenye bakuli jeupe la maji, koroga kwa mkono, hesabu mpaka kumi, kisha inamisha bakuli taratibu. Kikibaki chini kitu kama kijiko kizima cha mchanga, unanunua ufuko kwa bei ya samaki. Mchanga unakwangua meno na ukizidi unaweza kukwama tumboni. Tazama na rangi: dagaa mzuri anang'aa fedha, aliyegeuka kahawia tumboni na mwenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha, mwache. Mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E mwilini mwa mbwa badala ya kumjenga.

Kitu kingine wanachokijua wa mwaloni: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua na bei hupanda. Nunua wakati wa giza, weka gunia juu ya mbao mahali pakavu.

Kwa mbwa wa kilo 35 anayehitaji kalori kama 1,800, chungu cha siku kinaweza kuwa hivi: unga wa mahindi gramu 250, dagaa wakavu gramu 150 waliooshwa vizuri, nyama ya ndani au moyo gramu 100, mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, boga au karoti au matembele kiasi cha konzi, na chumvi kidogo sana yenye madini joto. Chumvi hiyo ni ya madini joto, si ya ladha. Samaki wa maji baridi hana mengi. Ini mpe mara moja au mbili kwa wiki tu, kwa sababu vitamini A yake hujilimbikiza mwilini. Siku nyingine weka bandama, moyo au utumbo.

Dagaa lazima wachemke. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi, wale wa kutafuna na bia, siyo wa mbwa.

Upande wa nafaka, chaguo lako la kwanza liwe unga uliosagwa kwa mahindi uliyoyaona, au chenga za mchele. Chenga ni rahisi kumeng'enywa na kwa sumukuvu zina hatari ndogo kuliko mahindi. Pumba usizisogelee. Sumukuvu inatokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na tunaijua: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ini lake ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo, na mahindi yaliyokataliwa jikoni ndiyo hayo hayo watu wanayasagia "ya mbwa". Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyochemshwa ikalainika inafaa kama mbadala wa siku chache. Udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) ninauweka mwisho: ni wanga mtupu, protini karibu hakuna, itabidi uongeze dagaa. Na ugali wa mbwa upikwe uive kama wa watu. Unga mbichi unampita tu, asubuhi unaokota uharo.

Pengo la chungu hiki ni zinki. Nafaka nyingi huzuia zinki isifyonzwe, na mbwa wakubwa wanaionyesha ngozini: magamba na nyufa kuzunguka mdomo, macho na viwiko. Nyama nyekundu inasaidia, ndiyo sababu sijaacha dagaa peke yao kwenye kipimo hicho hapo juu. Ukiona dalili hizo, daktari wa mifugo atakupa zinki kwa kipimo. Usibahatishe, ikizidi ni sumu.

Mapanki

Ni mifupa na vichwa vya sangara baada ya minofu kuondolewa kiwandani. Nyama iliyobaki kichwani ni tamu, ina mafuta mengi, na mbwa anaipenda kuliko dagaa. Lakini mwiba wa sangara haufanani na wa dagaa. Ni mnene, mkali, na ukichemka kawaida unabaki vile vile. Una njia mbili: chemsha kwa presha mpaka mfupa ubonyee kati ya vidole, au chambua nyama yote kwa mkono. Njia ya kwanza inakula mkaa, ya pili inakula saa yako. Mimi nayaona mapanki ni ya mchuzi: chemsha, chuja, tupa mifupa, pikia uji mzito au wali wa chenga. Ukichambua mifupa yote, kumbuka kalsiamu nayo umeitupa.

Nyama mbichi

Wanaoitetea wana hoja. Mbwa anaimeng'enya vizuri, kinyesi kinapungua, misuli inaonekana, na mbwa anayekataa ugali hakatai bandama. Sipingi nyama. Napinga ubichi wake hapa kwetu, hasa mapafu na ini.

Kuna tegu mdogo, urefu wake milimita chache tu, anayeishi utumboni mwa mbwa bila mbwa kuumwa chochote. Mbwa anampata kwa kula viungo vibichi vya ng'ombe, mbuzi au kondoo vyenye vifuko vya maji, vile ambavyo mkaguzi wa nyama akiviona kwenye ini au pafu anavikata na kuvitupa. Swali ni vinatupwa wapi, na nani anasubiri nje na ndoo. Mbwa akishaambukizwa anatoa mayai kwenye kinyesi, mayai yanashika kwenye manyoya, mtoto wako anamkumbatia mbwa kisha anakula andazi. Kwa binadamu vifuko hivyo huota kwenye ini au mapafu, hukua kwa miaka kimya kimya, na mara nyingi tiba yake huwa ni upasuaji.

Kwa hiyo: viungo vya ndani vikatwe vipande vidogo na vichemke kweli kweli angalau nusu saa. Friza ya nyumbani usiitegemee kufanya kazi hiyo, umeme wetu unaujua. Na kama mbwa aliwahi kuzoea vibichi, au anatoroka kwenda dampo, dawa ya tegu yenye prazikwanteli inapaswa kurudiwa kila wiki 6, kwa sababu huo ndio muda ambao tegu huyu huchukua kuanza kutoa mayai. Ile "dawa ya minyoo" ya jumla inayouzwa dukani isome kibandiko. Nyingi zinaua minyoo ya duara tu.

Kibudu ndiyo kabisa usikiguse. Ng'ombe aliyejifia mwenyewe anaweza kuwa na kimeta, na nyama ya bei ya kutupa huwa na sababu yake.

Halafu kuna hesabu ambayo watetezi wa nyama tupu hawaipigi. Kilo nzima ya steki ina kalsiamu kama miligramu 100, huku fosforasi ikifika gramu 2. Mwili wa mbwa unataka kalsiamu izidi fosforasi kidogo. Ukimlisha nyama tupu, mwili unakopa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na deni linaonekana siku akiruka ukuta akavunjika mguu. Dawa yake ni rahisi: maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini kama unga. Gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, zina karibu gramu 2 za kalsiamu, kiasi kinachokaribia mahitaji ya siku ya mbwa mzima wa kilo 35. Anayekula dagaa kwa kipimo nilichotoa hahitaji ganda hilo.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku wa chipsi, inapasuka vipande vya kuchoma utumbo. Usimpe hata akilia.

Chakula cha mfuko

Faida yake moja inatosha kukifanya kiwe na nafasi: hakihitaji mpishi mwenye akili. Ukisafiri kwenda Ukerewe siku tatu, kijana wa nyumbani anapima kikombe na kumwaga. Dagaa utamkuta hajaoshwa.

Bei ndiyo inayotisha, lakini ipigie hesabu kwa siku, si kwa mfuko. Punje nzuri zina kalori kama 370 kwa gramu 100. Mbwa wetu wa kalori 1,800 anakula kama gramu 490 kwa siku, yaani mfuko wa kilo 15 unampeleka mwezi mmoja. Gawa bei ya mfuko kwa 30, kisha linganisha na gharama ya chungu cha dagaa, ukijumlisha mkaa au gesi na saa ya mpishi. Wengi wanasahau mkaa. Hata ukiujumlisha, kwa mbwa mmoja mkubwa chungu bado kinatoka nafuu sokoni kwetu. Kwa mbwa watatu tofauti inakuwa kubwa mno.

Kwenye mfuko tafuta mambo machache: pameandikwa kwamba ni chakula kamili na si cha nyongeza, ni cha rika gani, protini kuanzia asilimia 25 na mafuta asilimia 15 kwa mbwa wa mbio, na tarehe ya mwisho. Maneno ya "asilia" kwenye karatasi hayanibabaishi, wala "bila nafaka", ambayo inauzwa ghali zaidi. Marekani, mwaka 2018, mamlaka ya chakula na dawa ilianza kuchunguza kama vyakula vya namna hiyo, vyenye njegere na dengu kwa wingi, vinahusiana na ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa. Uhusiano haujathibitishwa, lakini sioni kwa nini ulipie zaidi kwa kitu chenye swali.

Punje za kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa dukani siziamini. Huoni tarehe, mafuta yake yameshapigwa na hewa na joto, na mende hawachagui. Na kiwanda nacho si malaika: mwishoni mwa 2020 huko Marekani, chakula cha punje chenye sumukuvu ya mahindi kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 100.

Kwa jicho moja

| | Gharama | Kazi | Hatari kuu | Kinamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Dagaa + nafaka + nyama iliyopikwa | Ndogo | Kila siku jikoni | Mchanga, sumukuvu, upungufu wa zinki | Mbwa mzima wa mbio |
| Mapanki | Ndogo sana | Kubwa mno | Miiba | Nyongeza, si msingi |
| Nyama mbichi | Kati hadi kubwa | Ndogo | Tegu, bakteria, kalsiamu kukosekana | Simshauri mtu |
| Mfuko | Kubwa | Hakuna | Kuchacha, kupimiwa | Mtoto wa mbwa. Mwenye safari |

Mtoto wa mbwa wa aina kubwa

Huyu usimpikie kwa kubahatisha. Mbwa atakayezidi kilo 32 akikua hukua kwa kasi ambayo kosa dogo la sahani linaonekana miguuni. Na kabla ya kufikia miezi 6 hivi, utumbo wake hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Unayomwekea karibu yote inaingia. Ikipungua, mifupa inalainika. Ikizidi, miguu inapinda na viungo vinaharibika, tena haponi vizuri.

Sasa angalia tunachofanya: dagaa kwa wingi "akue", unga wa mifupa juu yake, halafu shurubati ya kalsiamu kutoka duka la dawa za mifugo kwa sababu muuzaji kasema mifupa itakuwa imara. Mbwa wa miezi 4 anaanza kusimama visigino nje, nyumba nzima inasema ni "baridi ya ziwani". Mpe chakula cha mfuko kilichoandikwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, ambacho kalsiamu yake haizidi asilimia 1.8, na usiongeze kalsiamu yoyote. Aendelee nacho mpaka miezi 12, wale wazito kabisa mpaka 18. Na asinenepe. Mtoto mwembamba kidogo anakuwa na viungo bora kuliko bonge la kupigia picha.

Kama mfuko huuwezi kwa miezi yote hiyo, afadhali ujue sasa, kabla hujamchukua.

Chochote utakachochagua

Gawa mara mbili kwa siku, usimpe sahani moja kubwa usiku. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupata tumbo kujaa gesi na kujipinda, na linaua ndani ya saa chache. Asikimbie kabla wala mara baada ya kula; acha saa moja au mbili. Ukimwona tumbo limevimba, anahangaika, anajikamua kutapika na hakitoki kitu, usimpe chai ya tangawizi. Ni gari na daktari, hata kama ni saa nane usiku.

Makombo ya mamantilie na ya harusini yana vitunguu, na vitunguu maji na saumu huharibu damu ya mbwa. Pilau la shereheni lina vyote viwili, pamoja na mafuta ya kumvimbisha kongosho.

Mbwa wa mbio hupenda kuogelea. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, jambo linalotokea katika Ghuba ya Mwanza, mzuie asinywe wala asijirambe. Vijidudu vya utando huo vina sumu ya ini. Beba maji yake kwenye chupa.

Ukibadili chakula, chukua wiki nzima: robo kipya na robo tatu cha zamani kwa siku mbili, nusu kwa nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili, kisha kipya chote. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja ukae hapo mpaka kishike. Mpime uzito kila mwezi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Wa kilo 40 tafuta jirani wa kumbeba.